Mla Ukuta wa Kathonzweni

Ngojeni nimalize ndipo mcheke, kwa sababu nikikumbuka siku hiyo masikio yangu yanapata moto kama sufuria, na mimi si mtu wa hivi hivi, nimesoma ngumbaru, ile shule ya watu wazima, mpaka nikapewa cheti.

Ilikuwa miaka ya sabini, nimemwoa Mwikali juzi juzi, tunakaa nyumba ya udongo pale Kathonzweni na ana mimba ya kwanza. Asubuhi moja nikaona shimo ukutani karibu na mlango wa nyuma, dogo, laini, lenye unyevu, kama limelambwa. Nikasema ni panya. Lakini panya huchimba chini, na shimo hili lilikuwa juu, usawa wa mdomo wa mtu.

Kesho yake limepanuka. Mbwa akakataa kupita hapo, anasimama tu, anaangalia ukuta na kulia polepole. Jioni nikiwa nje naosha miguu nasikia ndani kr, kr, kr, nikiingia hakuna kitu, ni Mwikali anafagia.

"Umesikia hiyo?"

"Nini?" akasema, bila kunitazama.

Basi mimi nikachota udongo wa kichuguu, ule mwekundu unaonata, nikaziba. Kumbe ndiyo nimeharibu! Huo uliisha haraka kuliko wa kwanza, nikaziba tena, ukaisha tena, mpaka mwangaza wa nje ukapenya (naapa, ng'ombe angepita hapo bila kuinamisha pembe). Nyumba yetu ilikuwa inaliwa, na mlaji haonekani. Badala ya kuongea na mke wangu, nikaenda kwa pasta.

Jumapili baada ya ibada kanisa lote likaja kwangu, mama yangu akiwa mbele, na pasta akanipa heshima ya kuongoza maombi kwa vile ni msomi. Nikafumba macho, nikanguruma mpaka mabati yakatetemeka: "Wewe mla nyumba! Nasema jionyeshe!"

Watu wakanyamaza. Na ndani ya kile kimya: kr, kr, kr.

Nikafungua jicho moja. Mwikali amepiga magoti kando ya ukuta, macho amefumba, anasali kweli kweli, na mkono wake wa kulia unaenda peke yake kama mnyama mwenye shughuli zake, unamega ukuta, unarudi mdomoni. Uso wake hauna habari. Watu wakaanza kufungua macho mmoja mmoja, na pasta akarudi nyuma akakanyaga kuku.

Mama yangu peke yake hakuogopa. Akamshika Mwikali bega. "Pepo huyu namjua, hata mimi alinikalia. Mwanangu, unakula nini?"

"Muthokoi, mama. Na strungi."

"Mahindi ya muthokoi matupu, na chai bila maziwa? Mboga je? Na mayai niliyoleta?"

Mwikali akainama. Kanisa zima likageuka, likaangalia tumbo langu (na wakati huo lilikuwa linanitangulia kila mahali). Maana desturi yetu mwanaume hupakuliwa ndani ya nyumba na mwanamke hula jikoni kinachobaki, na mimi sijawahi hata siku moja kuona sahani ya mke wangu.

"Nilifikiri jikoni kuna chakula kingine," nikasema.

"Jikoni kuna moshi," mama akajibu.

Tulimpeleka zahanati siku iliyofuata. Nesi akavuta kope la chini, ndani kweupe kama unga wa ngano. Akasema damu imeisha, ndiyo maana mwili unadai udongo, na tungechelewa kidogo tu tungepoteza mama na mtoto. Akampa vidonge vya damu, na mimi akanipa maneno ambayo siyarudii hapa.

Mtoto alizaliwa salama, mkubwa kama ndama. Siku moja nikamuuliza Mwikali kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nilijua si kitu kizuri, lakini mkono ulikuwa haunisikii. Niliona haya. Na wewe ulikuwa unaziba tu."

Tangu hapo nimeapa tutakula meza moja, yeye apakue kwanza. Lakini niwaambie kitu kinachonitisha zaidi ya ule ukuta: juzi tukiwa mezani tunaongea vizuri, nikatazama chini nikaona mkono wangu wa kulia uko kwenye sahani yake, umeshika kipande cha nyama, na mimi sikuwa nimeutuma.