Masini ya Kushika Kichwa

Mpaka leo sijajua wanatafuta nini. Nimeuliza kila aliyenipekua, na kila mmoja alinijibu lake. Wa kwanza, kule uwanja wa ndege wa Bujumbura, alisema wanatafuta visu. Aliyekuwa pembeni yake akasema maji. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimezaliwa Kalundu, pale Uvira, ziwa liko mlangoni, ungeniambia mapema ningekuletea. Hakucheka. Alikuwa ameshika chupa yangu ya mafuta meusi ya mbegu za michikichi, yale tunayowapaka watoto wachanga, na akasema mafuta nayo yanahesabiwa kama maji.

Nilitaka kuelewa. Nikamuuliza kwa nini chupa ndogo ya dawa ya mama aliyenitangulia imepita, na yangu haipiti kwa sababu ni kubwa. Kama kitu ni kibaya, kidogo chake si kibaya pia? Akasema ni sheria. Nikasema sawa, sheria, lakini aliyeitunga alikuwa anaogopa nini? Akatazama watu nyuma yangu. Basi nikamwomba ruhusa, nikajipaka pale pale mikono, shingo na miguu mpaka magotini, kisha nikamwachia chupa. Nilipanda ndege ninang'aa kama bibi harusi, na kijana aliyekaa kiti cha pembeni akajikunja upande wa dirisha ili nisimchafulie shati.

Sikuwa ninatembea bure. Kitinda mimba wangu anaishi Afrika ya Kusini, anasuka nywele za watu. Alikuwa na mimba, mtoto amelala kimkingamo tumboni, na waganga wa hospitali walikuwa wamesema watampasua kesho yake asubuhi. Aliniambia kwa simu, bila kulia, "Mama, nataka nikuone mbele hawajanilaza kwa dawa." Hakuniomba kitu kingine. Mwanangu wa kwanza alinivusha mpaka wa Kavimvira, tukapita Gatumba, akanifikisha uwanjani na kunikanya kwamba Nairobi nisikae kuongea na watu. Ndege ya pili haingoji, na ile inayoifuata ni ya kesho. Kesho ingenikuta binti yangu amekwisha kuingizwa.

Alinikanya kwa sababu ananijua. Nina ugonjwa wa kuuliza watu majina. Shule niliiacha ningali mdogo, kusoma kwangu ni kwa kunyoosha kidole chini ya maneno, lakini jina nikilisikia halitoki. Majina ya wote walionipekua safari ile ninayo, na ya baba zao wengine pia. Siyaandiki hapa, kwa sababu mtu hatiwi katika kitabu kwa kazi aliyotumwa.

Nairobi wakanipekua tena. Nikamuuliza yule wa kupokea mikoba: tangu Bujumbura nilikuwa mawinguni, huko juu ningeokota nini? Akasema, "Mama, hata marubani tunawapekua." Hilo nilikaa nalo. Kama mtu anataka kuiangusha ndege na ndiye anayeiendesha, utampokonya kisu cha nini? Lakini nilikumbuka maneno ya mwanangu, nikanyamaza, nikavua viatu na kitambaa cha kichwa. Wakaniambia nivue mkanda. Sina mkanda, nina vikwembe viwili, vitenge vyangu, kimoja juu ya kingine, na hivyo siviachii mbele ya watu.

Ndipo nikaiona ile masini. Si ule mlango unaolia pii ambao nilikuwa nimekwisha kuujua. Ni kama kijumba cha vioo, chini wamechora nyayo mbili za manjano. Mstari ulikuwa mrefu, nikapata nafasi ya kutazama watu wanavyofanya. Anaingia mwanamume mwenye tai, anaweka miguu kwenye zile nyayo, halafu anapandisha mikono yote miwili juu ya kichwa. Kitu kinamzunguka, anatoka, anachukua saa yake. Anaingia msichana, mikono kichwani. Anaingia mzee wa Kihindi, mikono kichwani. Hakuna hata mmoja aliyeonekana kushtuka.

Kwetu, kutoka Kalundu mpaka uwanda wote wa Ruzizi, mtu hashiki kichwa kwa mikono miwili hivi hivi. Kichwa kinashikwa siku habari ya kifo inapofika. Mtoto akisahau, akakaa mikono kichwani akiota jua, mama yake anamchapa vidole na kumuuliza, "Unamulilia nani?" Maana ukimlilia aliye hai, unakiita kifo kije kimtazame. Mimi kichwa nilikishika siku boti iliporudi bila baba yangu, na siku mume wangu alipokata roho. Basi. Na sasa hawa wanataka nikishike mtoto wangu akiwa kitandani anangojea kisu.

Zamu yangu ikafika. Kijana wa kazi akaniita bibi kwa lugha yao: "Haya shosho, simama hapo kwa nyayo, inua mikono."

Nikasimama kwenye nyayo, nikanyoosha mikono pembeni kama mtu anayepimwa nguo.

"Juu, shosho."

"Juu sifikishi, mwanangu."

"Bega inauma?"

Ningeweza kusema ndiyo, na labda ingekwisha hapo. Lakini kusingizia ugonjwa siku kama ile niliona ni kuuita mwingine.

"Bega iko muzima," nikamwambia. "Mutoto wangu iko mu lopitali, kesho wanamupasua. Minye siwezi kushika kichwa, nitakuwa namulilia na angali muzima."

Akanitazama, akaitazama masini, kama anayengoja imsaidie. Akasema kila mtu anafanya hivyo, hata yeye mwenyewe kila asubuhi akiingia kazini. Nikamuuliza kama mama yake anajua. Kijana na watu wa nyuma wakacheka, mmoja akasema kwa sauti shosho ametuweka, ndege zitatuacha. Kijana akaacha kucheka. Akaniambia taratibu kwamba hanilazimishi, lakini asiyepita hapa haingii ndani, na kama kuna njia nyingine si yeye wa kuitoa. Akamwita mkubwa wake.

Mkubwa wake alikuwa mwanamke mnene, mfupi, mwenye miwani ya kuning'inia. Nilimweleza upya. Nilikuwa nimekwisha kuona saa ya ukutani, na jina la ndege yangu lilikuwa limeanza kuwaka kwenye kioo cha matangazo. Hakuniuliza kuhusu mkono wala bega. Aliuliza, "Ni mtoto wako wa ngapi?"

"Wa mwisho."

"Hata kwetu, kule magharibi," akasema, "mama yangu alinichapa na mwiko kwa sababu ya kushika kichwa. Nilikuwa nasikia joto tu."

Lakini hakunifungulia njia. Akasema kupekuliwa kwa mkono kunaruhusiwa, ila ni ndani ya chumba, na wanawake wawili, na wa pili ameenda kula. "Ukingoja, ndege inaweza kukuacha. Ukipitia hapa, ni sekunde tu. Chagua, mama."

Nilitamani mtu mwingine achague. Niliitazama ile nyumba ya vioo, sasa tupu, nikapiga hesabu ya kijinga: kama nikifumba macho, kama nikiwaza mtu mwingine, mtu aliyekwisha kufa zamani, mikono itakuwa inamlilia huyo. Nilimfikiria baba. Karibu niingie. Halafu nikaona kwamba macho yangu yakifumbwa, anayekuja mbele si baba, ni yeye binti yangu. Nikasema nitangoja.

Nilingoja nimekaa kwenye kiti cha plastiki, bila viatu. Wa pili alikuja bado anatafuna. Ndani ya chumba walinishika kila mahali, begani, kwapani, katikati ya vikwembe, polepole kama wanaoosha mgonjwa, na yule wa pili akanusa vidole vyake na kuuliza haya ni mafuta ya nini. Nami nikauliza langu lililonikaa rohoni: ile masini ingeona nini kwangu? Inaona uchi? Mkubwa akacheka, akasema haioni uchi, haioni hata sura. Inachora mtu mmoja tu, yule yule kwa kila mtu, kama katuni, na mahali penye kitu panawaka. Nilishangaa. Watu wote wale, mwenye tai na msichana, ndani ya masini ni mtu mmoja.

Nilifika kwenye mlango wa ndege nikiwa wa mwisho, viatu mkononi. Walikuwa wanafunga. Yule mkubwa alikuwa amekwisha kuwapigia simu waningoje.

Asubuhi nilimkuta binti yangu kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya kijani kichwani, wanamsukuma. Walisimama kidogo. Alinishika vidole viwili, nami maneno niliyoyabeba tangu Uvira yalipotea yote. Nikamwambia tu, "Nimefika." Wakampeleka. Baadaye wakanitolea mjukuu, msichana mwenye nywele nyingi, mkali. Mama yake akaamka mchana.

Siku alipoweza kukaa nilimsimulia ile masini. Alicheka akishika kidonda, akaniomba niache. Akasema yeye alipita humo alipokuwa anakuja huku mara ya kwanza, mikono juu kabisa, na hakuna aliyekufa.

Nikamuuliza, kwa mchezo, kama tunavyowauliza watoto, "Ulikuwa unamulilia nani?"

Aliacha kucheka. Akamhamishia mtoto titi la pili. "Nilikuwa nawaacha nyinyi, mama," akasema. "Labda ni nyinyi."

Tiketi yangu ya kurudi iko, na njia ni ile ile, Nairobi. Tangu siku hiyo ninajiuliza kama masini ile inajua kitu ambacho walioitengeneza hawakijui, au ni mimi ninayeipa akili isiyokuwa nayo. Watakaponiambia niinue mikono, huku nimewaacha hawa wawili nyuma, sijui nitasema nini. Binti yangu anasema niseme bega linauma.