Mpinzani wa Fundi Sikio

Basi lilimshusha mgeni mahali asipopajua, kati ya duka la vipuri na kibao cha daktari wa meno. Ulikuwa mwezi wake wa nne njiani, akirekodi ngoma za watu kwa kinasa sauti alichokivaa shingoni. Alipouliza kwa fundi ngoma, mwenye duka hakunyanyua hata kichwa.

"Fuata kelele, dada. Ukisikia mtu anagombana na ngozi, umefika."

Aliyekuwa akigombana na ngozi ni mtu wa miaka sitini na ushee, mwembamba, ameketi uani kwake akikaza kamba kwa mikono na meno. Mtaa mzima ulimwita Fundi Sikio, kwa tabia yake ya kumsimamisha mpita njia na kumwambia baiskeli yake inalia vibaya. Kwa miaka thelathini na sita ya kuwamba ngoma hajapata kumwonea mtu kijicho. Mafundi wenzake aliwasifu kwa roho nyeupe, maana wote alikuwa amewashinda.

Mkewe, ambaye ndiye aliyenyoa manyoya ya kila ngozi iliyopita pale, alimpa mgeni chumba cha uani na chai. Mgeni akaweka kinasa mezani.

"Nimekuletea wenzako, mzee."

Kwanza ilitoka ngoma ya kubana kwapani, inayopanda na kushuka kama mtu anayebembeleza mkopo. Fundi akainamisha kichwa. "Huyo anajitahidi." Ikafuata ngoma pana kama gurudumu la lori, inapigwa na watu wawili kwa virungu. "Hao wanahamisha makabati." Mkewe akacheka mpaka akashika mbavu.

Kisha zikaja ngoma mbili ndogo, zinapigwa kwa vidole. Sauti ilianza nzito, ikapinda hewani, ikapanda yenyewe kama inauliza jambo, na kila kidole kikajibu kivyake. Fundi akaweka kikombe chini.

"Rudisha."

Mgeni akarudisha. Mara ya tano mkewe akasema, "Baba watoto, chai inapoa."

"Huyu nani?"

"Mzee mmoja wa mji wa bandari, siku mbili kwa treni. Anatengeneza mwenyewe, anapiga mwenyewe."

"Ana miaka mingapi?"

"Rika lako."

Hilo ndilo lililomchoma. Angekuwa kijana, Fundi angesema ni mbwembwe. Angekuwa mkongwe, angesema ni miaka. Lakini rika lake!

Mgeni akamweleza kwamba katikati ya ngozi kuna duara jeusi, kama mboni ya jicho. Ni unga uliopikwa na kuchanganywa na unga wa chuma. Yule mzee hupaka tabaka jembamba, husugua kwa jiwe, hungoja likauke, kisha hupaka lingine. Humaliza siku nzima.

"Siku nzima!" Fundi akasonya. "Mvivu huyo."

Asubuhi, mkewe alipokwenda sokoni, Fundi akachukua ngoma bora kuliko zote zilizokuwapo. Ilikuwa ya kwaya ya wauguzi, nao wangeifuata Jumamosi, keshokutwa. Akapika unga, akatia vumbi la chuma alilolizoa chini ya tupa yake, akabandika katikati ya ngozi tabaka moja tu, nene kama kidole. Alitaka mgeni aamke aikute inaimba. Kisha mikono yake ikafanya ilichozoea kufanya kila siku: ikaisogeza ngoma karibu na moto ili ngozi ikaze.

Ngozi ikakaza. Duara, gumu kama tofali, likakataa kwenda nayo. Pakasikika mchaniko mmoja mfupi, na duara likatumbukia ndani ya mzinga wa ngoma.

Mkewe aliporudi akapitisha mkono mzima kwenye tundu, akauchezesha upande wa pili.

"Miaka yote nimekaa na wewe hujanionea wivu hata siku moja," akasema. "Leo unamwonea wivu mwanamume ambaye hata hujamtia machoni!"

"Wewe hutoi sauti ile."

Mgeni, aliyekuwa ametokea mlangoni, aliona haya. "Niifute, mzee?"

"Ukifuta, yeye atakuwa ameacha kupiga?"

Fundi akaingia ndani, akatoka amevaa shati la kutokea, vifungo vimepishana.

"Na wauguzi?" mkewe akauliza.

"Ngozi nyingine ipo kwenye beseni, imeshalowa. Iwambe wewe. Unawamba kuliko mimi."

Mkewe akamgeukia mgeni upesi. "Umelinasa hilo? Niambie umelinasa!" Kisha akamwuliza mumewe, taratibu sasa, "Unakwenda kujifunza?"

"Kujifunza nini? Kinasa kinaficha mambo. Nakwenda kumsikia kwa masikio yangu. Lazima kuna mahali anakosea." Akafika kwenye geti, akasita. "Mwanangu, huyo mtu hupiga saa ngapi?"

"Asubuhi na mapema."

"Vizuri. Nitamkuta hajachangamka."

Akaondoka kwa hatua ndefu kuelekea stesheni, vidole vyake vikijipigapiga pajani, vikitafuta ile sauti na kuikosa. Mgeni alitaka kumfuata, lakini tayari alikuwa amekabidhiwa ncha ya ngozi mbichi inayochuruzika maji hadi kwenye viwiko.

"Vuta, mwanangu," mama akamwambia. "Usimtazame huyo. Vuta."