Mtaro wa Waweru

Masinde, dalali wa nyumba, alizunguka vyumba vyote bila kuvua kofia. Aligonga ukuta wa sebule kwa kidole, akachungulia jikoni, kisha akataja bei. Gakenia, mwenye nyumba, alidhani amesikia vibaya.

"Hiyo ni bei ya nyumba ama ya geti?"

"Mama, hiyo ni bei ya mtu mwenye haraka. Si unarudi kwenu Nyeri?"

"Nani amekuambia narudi Nyeri?"

Hakuna aliyemwambia. Alikisia tu, kama walivyokisia wengi pale Nyamasaria tangu waliposikia kwamba mjane wa Waweru anauza. Gakenia alikuwa ameishi Kisumu miaka thelathini na mmoja akiuza mapazia sokoni. Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi jamaa zake wengi waliondoka wasirudi. Yeye na mumewe walikaa siku nane wamejificha kwa jirani yao Seline, kisha wakatoka na kufungua vibanda vyao tena. Sasa Waweru alikuwa amefariki, watoto walikuwa na maisha yao mbali, na vyumba vilikuwa vimemzidi mtu mmoja. Alikuwa amejipatia kajumba kadogo Kisian, nje ya mji, kenye uwanja wa kufugia kuku. Hakuwa anamkimbia mtu, na hakutaka kuuza kama anayekimbia.

"Rudi mwezi wa tano," alimwambia Masinde. "Utaikuta nyumba nyingine."

Kesho yake alimwita Odongo, fundi wa mawe aliyesifika mtaani kwa plasta laini. Wakashirikiana kusogeza kabati kubwa la sebuleni. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu mpaka usawa wa kiuno, na plasta ilimeguka ilipoguswa, kama mkate wa juzi.

Odongo alinusa, akapangusa vidole kwenye suruali. "Mama, tunakwaruza juu juu, tunapiga rangi nzito, tunarudisha kabati. Mwenye kununua hataona."

"Na siku nikihama na kabati?"

"Atakuwa ashanunua."

"Bomoa hiyo plasta yote," Gakenia alisema. "Nataka kujua maji yanatoka wapi."

Odongo hakupenda, lakini alibomoa. Mawe ya chini yalikuwa yamelowa hata katika jua kali la Februari. Walitoka nje wakafuata ukuta mpaka kwenye mtaro wa simiti uliopita nyuma ya nyumba. Odongo akalaza pimamaji juu yake, akainama kutazama, kisha akaigeuza na kupima tena.

"Sema tu," Gakenia alimhimiza.

"Huu mtaro unateremka kuja kwa nyumba. Maji yote ya paa yanaingia kwa msingi. Nani alijenga?"

Waweru ndiye aliyeujenga. Hakuwa fundi, alikuwa mwuza vipuri vya baiskeli, lakini mtaro ule aliujenga kwa mikono yake likizo moja ya Desemba, na kila mgeni alipelekwa kuuona. Kwenye pembe moja alikuwa ameandika mwaka kwa kijiti kabla simiti haijakauka. Miaka yote walipolalamikia harufu ya unyevu, yeye alilaumu udongo mweusi wa Nyamasaria.

"Ni lazima uvunjwe wote," Odongo alisema kwa upole. "Nije kesho na sururu?"

"Nipe siku moja."

Siku hiyo hakwenda sokoni. Alikaa jikoni akiwa amemkasirikia mumewe kwa kuharibu ukuta, halafu akajikasirikia mwenyewe kwa kumkasirikia marehemu. Alifikiria kumwambia Odongo apake ile rangi nzito. Hakuna ambaye angejua. Kisha akakumbuka kwamba mtu fulani angelaza mtoto wake kando ya ukuta ule.

Asubuhi iliyofuata, kabla fundi hajafika, alifunga leso kiunoni, akaazima sururu kwa Seline na kuanza kuvunja. Pigo la kwanza liliteleza na kumtetemesha mpaka mabegani. La tatu lilipasua simiti. Seline alisikia kishindo, akaja mbio.

"Min Lorna!" alimwita kwa Kijaluo, mama wa Lorna, kwa jina la bintiye. "Hiyo ni kazi ya fundi."

"Ya kuanza ni yangu."

Seline akakunja mikono ya gauni. Alichukua karai akaanza kuzoa vipande. Odongo alipofika aliwakuta wanawake wawili wenye miaka sitini na kitu wametapakaa vumbi, na robo ya mtaro imeshaondoka. Akavua shati, akapokea sururu.

Walijenga mtaro mpya wenye mteremko wa kuelekea barabarani. Ukuta ukaachwa wazi wiki sita ukauke. Masinde alipiga simu kila mara, akisema wateja watapotea. "Wapotee," Gakenia alimjibu. Mvua za Aprili ziliponyesha kwa nguvu, alisimama nyuma ya nyumba chini ya mwavuli, akayaangalia maji yakikimbia kwenda barabarani bila hata tone kugeuka. Alipoingia ndani aliweka kiganja ukutani. Ulikuwa mkavu. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Mwezi wa tano nyumba ilikuwa na plasta mpya na rangi ya maziwa. Wateja wa kwanza walikuwa mtu na mkewe. Gakenia aliwaeleza habari ya ule ukuta, wakaangaliana, wakaaga.

"Mama, kwa nini unajiharibia?" Masinde alifoka.

"Wewe leta mwingine."

Wa pili alikuwa Bridget, mwalimu aliyekuwa akihama kutoka Sondu na watoto watatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kuuona mtaro, akamwaga ndoo nzima ya maji na kuyafuata kwa miguu hadi barabarani. "Nyumba zote nilizoonyeshwa zilikuwa na rangi mpya," alisema. "Ni wewe tu umeniambia kilicho chini yake." Bei waliyokubaliana ilizidi mbali ile aliyoitaja Masinde.

Gakenia alihama Jumamosi moja asubuhi. Seline alikuja na lori mpaka Kisian, amekaa mbele na sufuria mapajani ili zisigongane. Bomba la kule lilikuwa halijaunganishwa bado, kwa hiyo kabla ya kufungua hata mzigo mmoja, wote wawili walishika mitungi na kwenda kumwuliza jirani kisima kiko wapi.