Ukoko wa Nabuyonga

Mwaka ule mahindi yetu yalikaukia shambani, Kisumu nzima ikala ugali wa unga wa Uganda. Wale waliozoea kuwacheka Waganda kwa ndizi zao za kuchemsha walinyamaza, wakatafuna. Mimi sikunyamaza. Nilimwambia kila mtu sokoni: hicho mnachokula ni cha kwetu, semeni asante.

Kwetu ni Mbale, mtaa wa Nabuyonga. Babu wa babu yangu aliletwa na jeshi kutoka Sudan, akabaki, akazaa, tukawa Waislamu wa mjini, wenye Kiswahili cha nyumbani na midomo isiyofungwa. Niliolewa Kisumu nikiwa na meno yote. Sasa nina wajukuu wengi kuliko meno, na mwenye wajukuu wazuri kama wangu ajitokeze nimwone. Lakini ukinikata, damu itakayotoka ni ya Mbale.

Mwaka huo nilivuka mpaka kwa ajili ya rafiki zangu wawili wa Jinja, mtu na mkewe. Mume alikuwa askari wa magereza, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Afande. Mke ni Msoga wa Buwenge. Zamani, vita vilipowafukuza Uganda, walikuja Kisumu na mtoto mgongoni, wakapanga chumba kando ya changu. Tuligawana moto wa jiko mpaka waliporudi kwao. Sasa ndoa yao ilikuwa imetimiza miaka arobaini, na walisema keki haikatwi bila mimi.

Nilishuka kwenye basi asubuhi. Sikuwa nimeweka mkoba chini, mke wa Afande akanitia kisu mkononi.

"Dada, umechelewa. Hizo ndizi zinakungoja wewe."

Hata habari za safari hakuuliza. Nilikaa kwenye kigoda jikoni kwake, nikamenya mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, na raha niliyoiona siwezi kuieleza. Sufuria yangu ilikuwa palepale ukutani, ile ambayo haijawahi kuguswa na nyama ya nguruwe. Wameitunza tangu Kisumu.

Mchana tukatandika mikeka kwenye nyasi kando ya mto. Afande alivaa suti ya harusi yao. Tumbo lilitangulia, koti likafuata kwa mbali.

"Mtazameni," mkewe akasema. "Alikuwa anaamrisha gereza zima. Leo hata kifungo cha koti hakimtii."

Afande akasimama wima, akampigia saluti. "Kifungo changu ni cha maisha, mama. Na msamaha sitaki."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tukala samaki ngege wa kukaanga, tukala ndizi nilizozimenya, tukala keki. Kisha tukajilaza kama samaki walioanikwa, tukitazama maji yanavyoondoka bila kuaga. Nilimkumbuka marehemu mume wangu. Hakuwahi kunipigia saluti, lakini kichwa cha samaki aliniachia siku zote.

Ndipo mke wa Afande akafunua sufuria ya mwisho. "Hii nimekupikia wewe."

Malewa. Ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, yanakaushwa kwa moshi, halafu yanapikwa kwa karanga. Ni chakula cha Wagisu, majirani zetu wa Mbale. Mama yangu alikipika kuwashinda, na wao wenyewe walikiri. Nilitia kidogo mdomoni. Ule moshi. Nikamwona mama ameinama mekoni, kanga imefungwa kiunoni, anapuliza.

Mama alikuwa na kawa alizozisuka kwa mikono yake, za rangi zinazopiga kelele. Chakula cha mgeni kilifunikwa kawa, kikapelekwa sebuleni kwa adabu. Sisi wa nyumbani hatukufunikiwa kitu. Tulizunguka sufuria, na mimi na kaka yangu tukapigania ukoko mpaka mama atutenganishe kwa mwiko. Aliyegombania ukoko ndiye aliyekuwa mwenye nyumba.

Afande aliuona uso wangu. "Shemeji, Mbale iko karibu. Gari iko, mafuta iko. Kesho tunaenda, unaona nyumba, unarudi."

Moyo ulikuwa umeshavaa viatu. Mama kalala huko, kaka kalala huko. Nyumba sasa anayo wifi yangu, mjane wa kaka, na sikuwa nimeikanyaga tangu tulipomzika kaka. Nikampigia simu palepale.

"Wifi! Karibu sana!" Furaha yake ilijaa sikio. "Nakutandikia chumba cha wageni, kina choo chake ndani. Unakunywa soda gani? Nichinje kuku au mbuzi? Utakaa siku mbili?"

Ni mwanamke mwema. Kila neno lake lilikuwa jema, na kila neno lilinisogeza nyuma kuelekea mlangoni.

"Wifi," nikasema, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nipe jembe siku ya kwanza."

Akacheka. "Jembe la nini? Shamba lenyewe tumemwagia saruji. Wewe ukae kitini tukuhudumie."

"Sitaki kuhudumiwa. Nataka ukoko."

"Ukoko! Siku hizi sufuria hazishiki chini, wifi. Watoto wangu hata hawaujui." Akafikiri kidogo, kisha sauti ikapanda kama ya mtu aliyekumbuka zawadi. "Lakini kawa za mama ninazo! Zote nimezitundika sebuleni. Ile nyekundu nitakufunikia chakula chako."

Mto ulikuwa unapita tu.

"Kwa mama yangu sitafunikiwa kawa."

"Wifi, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu," nikamwambia, na ni kweli. Nikawasalimia watoto, nikakata simu.

Mke wa Afande alikuwa ameyasikia yote. "Wewe ni mgumu, dada. Hata mianzi ikipikwa inalainika."

"Mianzi haikuzaliwa Nabuyonga."

Aliivuta ile sufuria ya malewa, karanga zimegandia chini, nyeusi na ngumu, akanipa kijiko. Nilikwangua mpaka bati likalia. Hakuna aliyenisaidia, na hakuna aliyenitazama.

Jua lilipoinama tukakunja mikeka. Kutoka Jinja mlima wetu wa Mbale hauonekani, hata ukipanda juu ya paa. Nilisimama nikageukia upande wake, nikautazama hivyohivyo.

"Shemeji," Afande akaniuliza taratibu, funguo za gari mkononi, "kesho saa ngapi?"

"Kwa mama yangu sitafunikiwa kawa."