Mwizi wa Kulia na Kufuli Saba

Saa mbili kasorobo asubuhi, Fundi Kitasa amepiga magoti mbele ya mlango wa watu, sikio limeegemea mbao, bisibisi ameiuma mdomoni. Ndani kuna sufuria jikoni, na harufu ya kuungua imeshaanza kupenya chini ya mlango. Nyuma yake mwenye nyumba anarukaruka na beseni la nguo mkononi.

"Fundi, fanya haraka! Nimetoka kuanika tu, mlango ukajifunga!"

"Taratibu, mama. Kitasa hiki kina aibu. Ukikipigia kelele hakifunguki."

Dakika ya nne kinalia, mlango unaachia, na yule mama anamruka fundi kukimbilia jikoni. Anaporudi, sufuria imekuwa nyeusi tititi, naye anamkazia fundi macho.

"Hebu ngoja. Wewe si yule mwizi?"

Fundi Kitasa anacheka mpaka bisibisi inaanguka. Swali hilo huulizwa karibu kila wiki.

"Ndiye mimi," anajibu. "Ila mimi ni wa kulia. Wa kushoto ni shemeji yangu."

Kila Ijumaa Kuu, kanisa la mtaani kwake huigiza kusulubiwa kwa Yesu katika uwanja ulio nyuma ya jengo. Kwa miaka minane sasa fundi huyu mwenye umri wa miaka hamsini na miwili amekuwa yule mwizi aliyetundikwa upande wa kulia, aliyeomba akumbukwe na akaahidiwa kuwa peponi siku hiyohiyo.

Nafasi hiyo hakuitafuta. "Kila mtu alitaka kuwa Petro," anakumbuka. "Mchungaji akatuangalia mmoja mmoja, akafika kwangu, akasema, 'Wewe si tayari unafungua milango ya watu?' Kanisa zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote."

Alikuwa na sababu ya kucheka kwa nguvu hivyo.

Miaka mitano kabla ya mzaha huo, wanaume wawili walifika kwenye kibanda chake wakiwa na gari dogo la mizigo. Walisema wamepoteza ufunguo wa nyumba ya shangazi yao. Walimsifu njia nzima: hakuna fundi kama yeye mji mzima, mikono yake ni ya dhahabu. "Nilifungua kwa sekunde arobaini," anasema, "halafu nikasimama pale kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi."

Ndipo alipoona picha ukutani. Alikuwa mkunga mstaafu wa mtaa wa pili, ndani ya sare yake nyeupe, mama yuleyule aliyemzalisha mke wake mtoto wao wa kwanza. Fundi alijua mkunga huyo hana mpwa hata mmoja.

"Hapo ndipo ningepaswa kupiga yowe. Badala yake nilichukua begi langu, nikaaga kwa adabu, nikaondoka."

Wale watu walibeba cherehani, redio, magodoro, hata kamba ya kuanikia nguo.

Wiki iliyofuata, Fundi Kitasa alibisha hodi kwa Mama Mkunga akiwa na kitasa kipya. Alimpa pole, akakifunga bure, akarudi nyumbani akalala fofofo. Usingizi huo ulidumu miezi michache. Ulipokatika, alipeleka cha pili. Kisha komeo. Kisha kufuli kubwa la shaba. Kwa miaka kumi na mmoja mlango ule ulipata vitasa vitatu, makufuli mawili, komeo na mnyororo.

Majirani walidhani bibi ameficha hazina. Mwenyewe alihitaji karibu robo saa kutoka nje.

"Siku moja jirani alibanwa na uchungu, akaja kunigongea," anasimulia Mama Mkunga, mwenye miaka sabini na tisa. "Nikaanza kufungua. Nikiwa kufuli la tano nasikia mtoto analia. Alichoka kunisubiri."

Mambo yaligeuka miaka miwili iliyopita, saa tisa alasiri ya Ijumaa Kuu. Mwaka uliotangulia, kamba za Fundi Kitasa zilikuwa zimelegea na akajikuna pua katikati ya mateso. Watoto walicheka mpaka wakatolewa nje. Safari hii alidai afungwe mafundo ya kweli. Akafungwa mikono na miguu, amesimama juu ya kibao chembamba.

Mchungaji alipofikia pointi ya sita ya mahubiri yake, mvua ikashuka kama imemwagwa kwa pipa.

Watu walitimua mbio kuelekea kanisani. Yesu, ambaye siku nyingine ni mwalimu wa hesabu mwenye pumu, alishushwa upesi na akina mama wa kwaya na kufunikwa mablanketi matatu. Mwizi wa kushoto, shemeji yake muuza nyama, alijinasua mwenyewe. Kabla ya kukimbia, alimtazama mwenzake na kumpigia kelele: "Wewe si fundi wa kufungua? Jifungue basi!"

Kila mmoja alidhani mwingine atamshusha. Fundi Kitasa akabaki peke yake juu, maji yanamchuruzika puani, funguo malaya zaidi ya mia, zile za kufungulia mlango wowote, ziko ndani ya begi hatua kumi kutoka miguuni pake.

"Miaka sita nilikuwa nimesema maneno ya yule mwizi bila kumwelewa," anasema. "Nilimwona mtu mwenye bahati tu. Siku ile nikaona hali yake. Mikono imefungwa. Hawezi kurudisha alichoiba, hawezi kumfungia mtu kitasa hata kimoja. Kilichobaki wazi ni mdomo. Nikageuka kuangalia ule msalaba wa katikati, mtupu, unalowa. Nikasema, kumbe yule hakuwa na kosa, na ndiye aliyebeba langu. Mimi kazi yangu ilikuwa kumwamini. Na nimeshinda miaka yote hii nanunua makufuli!"

Alilia, anasema, na anashukuru mvua ilimsitiri.

Wakati huohuo Mama Mkunga ndiyo kwanza anafika, amechelewa kwa sababu ya mlango wake. Alikuta uwanja mtupu na mwizi mmoja. Akasogea na mwavuli wake, akaunyanyua juu kadiri alivyoweza. Ulimfunika fundi magoti.

"Mwanangu, wamekusahau?"

"Mama, usinihurumie. Mimi ndiye niliyewafungulia wale wezi. Nilipoona picha yako nikanyamaza."

Mama Mkunga aliuhamishia mwavuli mkono wa pili.

"Nilijua," akasema. "Fundi gani anagawa vitasa bure? Nilishakusamehe kwenye kitasa cha pili. Hayo mengine umeyaleta mwenyewe, na yamenitesa kweli."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilikuwa nakusubiri useme. Kila ukija nakukaribisha, nasema leo atasema. Wewe unatoa bisibisi."

Wiki iliyofuata walikwenda pamoja kituo cha polisi. Askari wa zamu alitafuta jalada nusu siku, akarudi na vumbi mikononi: mchwa walikuwa wamelimaliza. Aliandika maelezo ya fundi upya, akamsihi asirudie, akamwomba aangalie droo yake iliyogoma kufunguka.

Mchungaji hana kinyongo. "Nimehubiri neema miaka ishirini," anasema, "mvua ikamaliza kazi kwa nusu saa. Ila pointi ya sita ilikuwa nzuri."

Sasa mlango wa Mama Mkunga una kitasa kimoja tu. Fundi Kitasa bado huenda kwake kila Jumamosi. Hunywa chai, humsomea maelekezo ya dawa zake, huziba bomba likivuja.

"Zamani nilikwenda ili nipate usingizi," anasema. "Siku hizi nalala kwanza, ndipo naenda."

Anachotamani ni kuona igizo lao halikatiki tena Ijumaa. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, wataigiza mpaka asubuhi ya Jumapili, na yeye anatengeneza jiwe la kaburi kwa mbao nyembamba na magurudumu ya kiti cha ofisini. Shemeji yake, ambaye bado anasema anakuja kwa ajili ya kuigiza tu, ameomba awe askari wa kulinda kaburi. Fundi anamwombea kila siku, na amemshonea mkanda.

Mama Mkunga atakuwa miongoni mwa wanawake wanaofika na kukuta kaburi liko wazi. Mazoezi yanaendelea, lakini uso wake haubadiliki hata jiwe likiviringika mpaka ukutani.

"Mama, shangaa basi kidogo," Fundi Kitasa anambembeleza. "Watu wataona."

"Nishangae nini, mwanangu?" anauliza Mama Mkunga. "Si alisema atafufuka?"