Sala Yangu Juu ya Paa la Mwalimu

Ndugu zangu, chekeni tu, hata mimi najicheka. Miaka yote hii ya Mdachi sijaonja kiboko cha askari wake, lakini juzi nilichapwa na ulimi wangu mwenyewe.

Mwalimu wetu wa ubatizo hapa Buigiri alitusomea kwamba mtume Petro alipanda darini kusali. Moyo ukaniruka! Kumbe sisi Wagogo, wenye nyumba za tembe, za paa bapa, tuliandaliwa zamani! Jumapili tulikuwa tubatizwe, nami nilitaka kukua kiroho kuwapita wenzangu wote. Basi nikafunga kula, na kabla ya darasa nikapanda juu ya tembe ya mwalimu, mke wake alikoanika karanga.

Nilisali kwa sauti, macho nimefumba. Mkono, sijui aliutuma nani, ukawa unaokota karanga na kuzimenya.

"Bwana, mkumbuke Masaka, anayesinzia darasani. Mkumbuke na mwalimu, maana akiimba hata mbuzi hukimbia. Mimi nashukuru, kwa unyenyekevu hakuna anayenifikia. Na kufunga kwangu wakujua wewe peke yako."

Sikujua kwamba upepo wa vumbi ulikuwa umelifukuza darasa zima kutoka uani, likaingia ndani, chini yangu kabisa, penye tundu la moshi la paani.

"Amina!" wakaitikia wote.

Nikafumbua macho, karanga bado mkononi. Kisha mke wa mwalimu akaniita kwa upole: "Mwanangu, endelea kufunga, ila maganda tupia upande wa pili. Haya yananiangukia kwenye chungu cha mlenda."