Siku Bi Mize Alipojisomea Fatiha

Kosa langu la mwanzo katika uandishi ni neno moja, "marehemu", nililolibandika mbele ya jina la mtu aliye hai, na mpaka leo nikilikumbuka masikio yanapata moto.

Mtu mwenyewe ni Bi Mize, jirani yetu Mtambile. Mimi sikusomea uandishi popote. Nilichonacho cha maana nilikipata kwake utotoni, msimu wa karafuu, tukikaa watoto sita saba kulizunguka jamvi lake tukitenga karafuu na makonyo yake, vile vijiti vyake, naye anasimulia. Mikono yetu ikisita, naye anasita, hadithi inakatika palepale jini ameshashika kitasa cha mlango (hebu fikiria!), mpaka vidole vianze tena. Hajui kusoma wala kuandika, lakini sijamwona mtu anayejua kama yeye pa kunyamaza.

Basi nikaandika hadithi ya mashindano, na juu yake nikaweka tabaruku: "Kwa Bi Mize wa Mtambile, aliyenifundisha kusimulia." Nikaona imepwaya. Mimi ni mtu wa kufuta (sentensi hiyo moja niliiandika mara kumi na moja), na vitabuni nilikuwa nimeona wanaotabarukiwa wengi ni marehemu, na wanapendeza. Nikaongeza neno, sentensi ikatulia, nikajiambia nani atajua, Bi Mize mwenyewe hasomi, nikatuma.

Nikashika nafasi ya tatu. Tukaambiwa kila mshindi aje Wete na mtu mmoja aliyemsaidia, na mimi nikamleta nani kama si Bi Mize, ndani ya buibui lake la Idi, ameshawatangazia majirani wote kwamba anakwenda kutajwa. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwita mwalimu. Njiani nilikuwa nahangaikia koma za ukurasa wa pili, hata lile neno sikulikumbuka.

Mshereheshaji akasoma kwa sauti ya huzuni: "Kwa marehemu Bi Mize wa Mtambile..." Akashusha karatasi. "Ndugu zangu, tumsomee mzee wetu Fatiha."

Ukumbi mzima ukainua mikono. Mimi nikabaki mdomo wazi, maana Fatiha ikishaanza utaikatiza vipi? Bi Mize akanitazama, akainua mikono naye, akasoma mpaka mwisho, akajipangusa uso. Kisha akaniita kwa jina akauliza, na ukumbi umetulia kimya, kila mtu akasikia:

"Hamadi, miye nimekufa lini?"

Mama mmoja wa safu ya mbele akageuka. "Bi mkubwa, ndiwe marehemu?"

"Ndimi. Muulize huyu, ndiye aliyenizika."

Watu wakaangua kicheko. Nikasimama kueleza, nikaanza kuzungumzia uzito wa sentensi (uzito wa sentensi, jamani!), wakazidi kucheka. Ndipo nikaona Bi Mize hacheki, anavuta tu pindo la buibui lake, nikajua nimemleta aheshimiwe, nimemfanya kichekesho.

"Niwie radhi, Bi Mize. Nilitaka ipendeze."

"Kwani nikiwa hai sipendezi?"

Nikaenda kuomba kipaza sauti, nikasema kwamba nimeandika uongo, mwalimu wangu ni yule pale, mzima, na bila yeye nisingejua hata kuanza hadithi. Ukumbi ukasimama wote kumpigia makofi.

"Kaeni, kaeni," akasema, akijizuia kutabasamu. "Mnasimama kama mnanisalia jeneza."

Tukaondoka Wete, na njiani tukapita Chake. Hapo akasema, "Kesho alasiri uje na karatasi zako zote unisomee. Miye nitakwambia palipo na uongo."

Nikaenda. Alinikatiza mara nyingi, na karibu kila mara haki ilikuwa yake. Tangu siku ile situmi popote hadithi yenye mtu aliye hai kabla sijakaa mbele ya mtu huyo nikamsomea.